Dawa ya Kunywa Wawili

Hakuna aliyejua kukonda kwa Mama Tepu kuliko Mama Tepu mwenyewe, maana alikuwa fundi cherehani na magauni yake aliyapunguza kwa mkono wake. Alibana mishono ya ubavuni, akavaa, na haukupita muda nguo ikapwaya tena. Wateja walipomsifu kwamba amerudia umbo la usichana, aliwajibu, "Niwauzie?" nao wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Tangu mumewe, fundi rangi, afariki, chakula kilimshinda. Alipika, akapakua, kisha akakitazama chakula chake mpaka kikapoa.

Hospitali walimpima kila kinachopimika. Daktari alikuwa mtu muungwana. Alimwambia haoni ugonjwa, akampa vidonge vya tumbo na kumsihi arudi asipopata nafuu. Vidonge alivimeza, hamu haikurudi. Alimkumbuka mumewe asubuhi akipiga pasi, akamkumbuka mchana akitia uzi kwenye sindano, na jioni ndiyo usiseme.

Ndipo jirani akamwelekeza kwa tabibu wa mitishamba, mama mmoja mnene mwenye chumba nyuma ya mashine ya kusaga. Mama Tepu alimkuta akimfukuza bwana mmoja aliyetaka dawa ya kupandishwa cheo.

"Hapa natibu watu, baba. Vyeo sitibu," alimwambia, akamfungulia mlango kwa heshima zote.

Kisha akamkalisha Mama Tepu kwenye kigoda, kati ya rafu za mizizi na jiko lenye sufuria inayotokota, akamwuliza mambo ambayo hajawahi kuulizwa na mtu. Usingizi unamkatikia wapi? Akiamka, wazo la kwanza ni lipi? Analia, au anajizuia? Mikono inatetemeka akikata kitambaa? Akavishika vile vidonge, akavisoma, akamwambia aendelee navyo, na asimfiche daktari wake lolote atakalokunywa hapa. Mama Tepu alishangaa kusikia mabega yake yakilegea. Kumbe muda wote huo alikuwa ameyakaza, na hakuna aliyemwambia.

"Na unakula na nani?" tabibu akauliza.

"Na mume wangu." Ulimi ulimtangulia.

"Vizuri. Kesho njoo naye. Dawa yangu ya hamu hanywi mtu mmoja. Mgonjwa anakunywa na yule anayekula naye, na mwenzake ndiye anaanza. Huo ndio utaratibu wangu."

Mwingine angejisahihisha papo hapo. Mama Tepu akasema, "Sawa, Tabibu," akajitanda khanga, akaondoka na uongo wake. Tena aliondoka nao kwa furaha. Njiani kote alikuwa mke wa mtu, anawahi nyumbani kumpa mumewe habari ya kwamba kesho wanatakiwa mahali. Aliyafaidi mawazo hayo mpaka alipofika mlangoni na kujifungulia mwenyewe.

Asubuhi alikwenda kwa wifi yake, dada wa marehemu, aliyekuwa dobi mtaa wa pili. Hawakuwa wamegombana. Tangu mazishi walikuwa wakikwepana tu, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kulia. Alimkuta ameinamia beseni, anakamua shuka.

"Wifi, nimekuja kukuazima."

"Kuniazima? Kwani mimi ndoo?"

"Nimemwambia tabibu kwamba nakula na kaka yako. Anataka nimpeleke."

Wifi aliiacha shuka ikarudi majini. Akajifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Juzi nimemwambia muuza sabuni asinibebee mzigo," alisema, "kaka atapita kuuchukua. Nikakaa pale kungoja, wifi. Nikamngoja kweli."

Wakatazamana. Kisha wifi akavaa viatu.

Kwa tabibu, Mama Tepu hakungoja kuulizwa. "Tabibu, nilikudanganya jana. Mume wangu amefariki. Huyu ni dada yake."

"Nilishajua," tabibu alisema, akimimina dawa kwenye vikombe. "Ulipotamka 'mume wangu' ulitabasamu. Wenye waume wakifika hapa wananilalamikia tu."

Wifi akacheka mpaka akashika ukuta. Mama Tepu naye akacheka, machozi yakamtoka palepale, hakuyazuia.

"Haya, mwenzake aanze," tabibu akasema.

Wifi akapiga funda moja. Dawa ilikuwa chungu ajabu. Akafumba jicho moja, la kushoto, akatoa ncha ya ulimi, akatikisa bega kama anayefukuza nzi.

Mama Tepu alishtuka. Ndivyo alivyokuwa mumewe akinywa kitu chochote kichungu, iwe dawa ya homa au kahawa iliyozidi: jicho lilelile, bega lilelile. Yeye alikuwa akimtania kwa hilo kila mara. Hakujua kwamba ni mambo ya ukoo wao. Alidhani yamezikwa pamoja naye, na kwamba duniani hapa hatayaona tena.

Alisogeza kigoda chake karibu, magoti yao yakagusana.

"Wifi," alisema, "kunywa tena."

"Chungu hii, wewe!"

"Najua ni chungu. Kunywa tena, nikuone."