Nyayo za Chumvi na Barabara ya Benghazi

Nilipokuwa mtoto, kwa siku tisa nzima, niliamini kwamba nimemuua baba yangu kwa mashine ya kuvuta vumbi. Wenzangu wa Brooklyn Park, Minnesota, huku Marekani, walikuwa na dhambi za kawaida za watoto wa miaka kumi na miwili, peremende za kuiba na majibu ya mtihani ya kuangalizia. Mimi nilikuwa na maiti, na maiti yenyewe ilikuwa Kirenaika.

Hapo inabidi nieleze, maana hata mwalimu wangu aliniuliza kama jina hilo nimelitunga. Kirenaika ni upande wa mashariki wa pwani ya Libya, na mji wake mkubwa ni Benghazi. Ina mafuta mengi na maji machache, na hilo ndilo lililomchukua Baba. Baba alisomea uhandisi wa maji hapahapa Minnesota, akamaliza vizuri, lakini viza iliyobaki hai nyumbani ilikuwa ya Mama, nesi wa nyumba ya wazee. Baba alikaa nchini kama mume wa nesi. Kisheria hakuruhusiwa hata kuuza maandazi. Kwa miaka miwili mhandisi mzima kazi yake ilikuwa kunisuka nywele, na alisuka vibaya. Kisha ikaja barua ya kampuni moja ya Benghazi iliyogeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa. Mkataba wa mwaka mmoja. Hiyo ilikuwa Machi, mwaka elfu mbili.

Siku aliyoondoka theluji ilikuwa inayeyuka na barabara zimemwagiwa chumvi, kama wafanyavyo huku ili magari yasiteleze. Baba alishuka na masanduku hadi kwenye gari, akarudi mbio kuchukua pasipoti aliyoisahau juu ya friji. Hakuvua viatu. Alipoipata alisimama pale mlangoni, akatutazama, akaondoka. Zulia lilipokauka zilibaki nyayo mbili nyeupe za chumvi, kubwa, ule wa kulia umegeukia nje kidogo.

Mama akaenda kuleta kitambaa. Bibi akamshika mkono.

Bibi ni mama yake Baba. Alikuwa ametoka Pangani kuja kutuona kwa miezi sita, na kwa utani wa bibi na mjukuu aliniita mke mwenzake. Kwao msafiri akitoka, nyumba haifagiwi mpaka ije habari kwamba amefika. Nyayo zake bado zimo ndani, na ukizifagia umemkatia njia ya kurudi.

"Atapiga simu, Mama," Mama alimwambia. "Ni siku nne tu."

"Basi siku nne hatufagii. Kwani vumbi la Marekani linauma?"

Leo nikifikiri naona Bibi hakuwa na kosa. Huko Pangani mtu anakwenda Muheza, jioni habari imerudi, ufagio unaendelea na kazi. Mwiko ule ulitengenezwa kwa safari za Muheza. Hakuna mzee aliyekaa akaupima kwa Kirenaika.

Siku ya pili Baba alipiga simu kutoka Tunis. Alikuwa mzima, kesho yake angeanza safari ya gari, kwanza Tripoli, halafu barabara ya pwani mpaka Benghazi. Mama alikata simu akiwa anatabasamu, akaelekea kabatini kwenye mashine.

"Tunis ndiko anakokwenda?" Bibi aliuliza.

"Hapana, Mama, lakini..."

"Basi hajafika."

Siku ya nne simu haikulia. Wala ya tano. Siku ya saba Mama aliacha kutia sukari kwenye chai, na sidhani kama alijua.

Shuleni mwalimu alikuwa ametutaka kila mmoja achague pwani moja ya dunia, aeleze jiografia yake, historia yake na uchumi wake kwenye bango la kadibodi. Wenzangu walichagua Hawaii na Florida, kwa ajili ya picha. Mimi nilichagua Kirenaika ili nijue baba yangu yuko wapi. Nikirudi na vitabu vya maktaba nilimtafsiria Bibi, naye alikuwa mkaguzi mkali kuliko mwalimu.

"Pana mikoko?"

"Hapana, Bibi. Nyuma ya bahari kuna mlima wa kijani. Wanalima shayiri, wanafuga mbuzi na nyuki."

"Maji yanapwa saa ngapi?"

Nikatafuta. "Wanasema huko maji hayapwi. Ni kidogo sana, huwezi kuona."

Bibi maisha yake yote alikuwa ameishi kando ya bahari inayotoka na kurudi mara mbili kwa siku. "Sasa kitu kikichukuliwa kinarudishwaje?" aliuliza.

Nikamsomea kuhusu Wagiriki waliojenga mji wa Kirene juu ya mlima ule, wakatajirika kwa mmea mmoja tu, silfio, uliokuwa dawa na kiungo, hata wakauchora kwenye sarafu zao. Haukukubali kupandwa, uliota wenyewe tu. Dunia nzima iliutaka. Wakauchuma na kuulisha mifugo mpaka ukaisha.

"Hata mbegu hawakuweka?"

"Hawakuweka."

"Na kwa watu hao ndiko mwanangu kaenda kutafuta maisha."

Nikamsomea kuhusu Waturuki, kisha Waitalia, waliowafungia wafugaji nyuma ya seng'enge mpaka wakafa wao na mifugo yao. Hapo Bibi alitaka nirudie polepole. Halafu akasema, "Hapo usimsomee mama yako."

Lakini lililotumaliza lilikuwa lile la barabara. Kati ya Tripoli na Benghazi kuna ghuba kubwa, na hapo jangwa linashuka mpaka kwenye maji, hakuna mlima wala mti. Zamani Wagiriki wa Kirene na watu wa Karthago waligombania mpaka. Wakakubaliana wakimbiaji watoke kila upande, watakapokutana ndipo mpaka. Ndugu wawili wa Karthago wakawa wamekwenda mbali zaidi. Wagiriki wakawaambia mmetudanganya, kama mnaitaka nchi hii mzikwe wazima hapa mliposimama. Wakakubali. Hadithi inasema wamo humo, kwenye mchanga ambao barabara ya Baba inapita.

Mtoto mwenye akili angeruka ukurasa. Mimi nilimsomea bibi wa Pangani, ambaye mwanawe ana zaidi ya wiki hajasikika tangu aingie barabara hiyohiyo, kwamba huko watu huzikwa wazima pale nyayo zao zinapoishia. Bibi aliinuka, akachukua kiti cha jikoni, akakiweka karibu na mlango, akakaa kuzilinda zile nyayo.

Mama alikuwa akipiga simu kampuni ya Benghazi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mara zote ililia bila kupokelewa, isipokuwa mara moja, akapokea bwana mmoja wa Kiarabu tupu. Mama akampa Bibi simu, maana Bibi alikuwa amehitimu chuoni, chuo cha Kurani. Bibi alijifunga kanga ya pili kwanza, kwa heshima. Akatoa salamu ndefu, akaomba dua, kisha akatafuta maneno ya Kiarabu ya kuuliza mwanangu yuko wapi. Katika yote aliyohifadhi tangu utoto alipata "ewe mwanangu" tu. Akaisema. Akairudia, na sauti ikaanza kukatika. Yule bwana akaitikia amina. Kadi ya simu ikaisha.

Nimewahi kuisimulia hiyo mbele ya watu, na watu wanacheka mpaka wanafuta machozi. Siku yenyewe Mama alikwenda kukaa ndani ya gari, akaliwasha, hakuenda popote.

Siku ya kumi na mbili tukakuta karatasi mlangoni: Alhamisi meneja atakagua nyumba zote za jengo. Kwenye zulia letu wakati huo ungeweza kupanda mchicha. Jirani yetu Mama Wanjiru, Mkenya, ambaye naye alikuwa nesi, aliitwa kuamua.

"Shosho, hiyo si kufagia," alimwambia Bibi. "Hiyo ni ku-vacuum. Kufagia unatoa kitu nje. Hii haitoi kitu nje, inaweka ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ya mfuko."

"Kwa hiyo mnataka kumtia mwanangu kwenye mfuko."

Mama Wanjiru alimtazama Mama, Mama akatazama dirisha. "Mimi nimechoka," Mama alisema, akimwambia nani sijui. "Siwezi kuingia tena nyumba hii ikiwa hivi."

Maneno hayo niliyabeba mpaka shule na kurudi nayo. Alasiri, Bibi alipoingia kuoga, nikaitoa vakyumu kabatini. Nilitaka Mama akirudi aone kitu kizuri, kimoja tu. Nikaanzia mlangoni kwa sababu waya ulikuwa upande ule. Ilichukua muda mdogo sana. Nyayo nyeupe za baba yangu zilipotea kama chaki mtu anapofuta ubao.

Nilipoizima mashine nikageuka. Bibi alikuwa amesimama na kanga imelowa mabegani. Nilingoja anigombeze.

"Umeanzia wapi?" aliuliza.

"Mlangoni."

Akakaa chini, palepale, miguu imenyooshwa kama anavyokaa mtu msibani.

Sijui ni nani kati yetu aliyefikiria mfuko. Nadhani ni mimi, kwa kuwa Mama Wanjiru alisema haitoi kitu nje. Nikaifungua mashine, nikauchana mfuko kwa meno, nikaumwaga wote juu ya zulia: vumbi la kijivu, nywele, maharage mawili, kifungo, na humo ndani, mahali fulani, baba yangu. Nikalitandaza kwa mikono kutoka ukutani hadi ukutani, nikihakikisha hakuna pembe iliyokosa. Halafu nikaleta kiatu cha zamani cha Baba na kopo la chumvi. Bibi alishika kopo. Mimi niliingiza mkono kwenye kiatu, nikawa nakikandamiza kwenye chumvi na kukikandamiza mlangoni. Haikukubali. Ilikuwa inatoka kama mguu wa mtu mwingine, nikafuta, nikaanza tena. Nilikuwa nalia na vumbi linaingia mdomoni.

Hapo Mama akafungua mlango.

Alitutazama, mama mkwe wake na kopo, mwanawe wa rangi ya saruji. Nikasema, "Mama, nilifagia." Alivua viatu vyake vya kazi akaviacha nje kwenye ukumbi, akavuka mlango kwa hatua kubwa bila kukanyaga tulichofanya. Akapiga magoti. Akachukua kile kiatu mkononi mwangu.

"Wa kulia anaugeuzia nje," alisema. Akauweka sawa.

Alhamisi alikuja meneja, bwana mpole wa kutoka Anoka. Alikuta wanawake watatu wamepanga mstari mbele ya alama mbili za chumvi. Mama alimwambia apite kando ya ukuta. Alivua viatu, akapita kando ya ukuta. Akalitazama zulia, akasema inavutia sana, neno ambalo watu wa Minnesota hulitumia wanapotaka kuondoka, akatupa wiki mbili za kulisafisha.

Nilikuwa nahesabu siku zangu tangu siku niliyofagia. Kila simu ilipolia nilikimbilia bafuni nisisikie. Siku ya tisa Mama alinitoa kwa nguvu. Alikuwa Baba. Alikuwa mzima, yuko Benghazi, simu za huko ni mbovu, ndiyo maana. Bibi alipiga vigelegele mpaka Mama Wanjiru akaja kugonga. Nililala sebuleni saa kumi jioni kama mtu aliyeshushwa mzigo.

Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja. Ukaongezwa. Mwaka wa tatu alimtumia Mama talaka, kwa barua yenye heshima, na baadaye tukasikia kwamba ana mke na watoto kwenye mlima ule wa kijani.

Nilipotimiza miaka ishirini na miwili nilimpigia nikamweleza habari za vakyumu. Nilikuwa nimeitengeneza iwe ya kuchekesha. Hakucheka.

"Nilifika siku ya nne," alisema. "Simu zilikuwa nzima, Zuhura. Nilikuwa nakwenda posta kila siku, nasimama kwenye foleni, nikikaribia naondoka."

"Kwa nini?"

"Niliporudi kuchukua pasipoti. Niliwatazama pale, nikajua sirudi. Sasa ningepiga simu niseme nini?"

Aliniambia kwamba huko watu humwita mhandisi. Nilimwelewa, na kumwelewa hakukunisaidia kitu. Kwenye bango langu niliandika kila lililokuwa linachukua watu Kirenaika, jangwa, njaa, majeshi. Haikunijia kwamba mtu anaweza kufika salama, apapende.

Bibi alijua la talaka, lakini la posta sikumwambia. Nilisimama nalo mdomoni mara nyingi. Yeye alikuwa na maelezo yake, na aliyashikilia Pangani mpaka alipofariki: mwanawe ni mtu mwema, alipotelewa na njia kwa sababu nyumba ilifagiwa mapema. Kila nikimpigia simu aliniambia, "Mke mwenzangu, ulinifagilia mwanangu wewe," nami nilijibu, "Nisamehe, Bibi," naye alisema nimekusamehe, ulikuwa mtoto. Juma lililofuata tunarudia. Kwa msafiri ambaye hajafika alikuwa na la kufanya. Kwa aliyefika asitake kurudi hakuwa nalo, na sisi pia hatukuwa nalo. Alihitaji mtu wa kumsamehe, na mimi ndiye niliyekuwa kwenye simu.