Ladha ya Maji ya Ngama

Maji yale yalikuwa ya chumvi. Nilijua tangu mara ya kwanza, na kwa muda mrefu nilimwambia kila aliyeuliza kwamba ni ya mvua.

Ninaishi ndani ya mashua ya tanga, kwenye gati la Mbegani, karibu na mji wa Bagamoyo. Mume wangu aliinunua, akaikarabati, akafa, akaniachia. Kila asubuhi, kabla ya chai, nainua ubao wa sakafu, nachungulia ngama, pale chini kabisa maji yanapojikusanya, nachovya kidole na kulamba. Alinifundisha yeye. Yakiwa matamu, tangi linavuja au mvua imepenya. Futa, endelea na siku yako. Yakiwa ya chumvi, bahari imepata mlango.

Kazi nyingine sikuzikwepa. Nilisuuza kamba, nilipaka grisi, nilikwangua mwani ubavuni. Ila kidole changu kilikuwa mwongo. Nimesoma chuo kikuu. Kujenga hoja sishindwi. Kiangazi kizima nilisingizia mvua. Mvua ilipokataa katakata kunyesha, nikasingizia samaki wa ng'onda niliyemla jana yake: chumvi imebaki mdomoni.

Sababu ilikuwa ubao mmoja, karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua. Aliuweka mume wangu, kazi yake ya mwisho kabla ya kulazwa. Upande wa ndani kuna mshale wa penseli na neno "juu", kwa mwandiko wake mbaya. Nilikuwa nikisugua ngama yote na kuuzunguka mshale huo, kama mtu anayefagia chumba alimolala mtoto. Na bahari ilikuwa inaingilia hapo hapo. Ubao usipotolewa, mashua itazama. Ukitolewa, basi. Sikupenda kuimalizia sentensi hiyo.

Pampu ya kutoa maji ya ngama ikawa inajiwasha kila mara. Nikaongeza sauti ya redio.

Dada yangu, anayelima mihogo Miono, hunipigia kila Jumapili akitoka misa ya kwanza. Visingizio vyangu anavijua vyote, na mshale ule pia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hilo beseni lako bado linaelea?"

"Linaelea."

"Na hiyo kelele?"

"Pampu."

"Mvua imenyesha huko?"

"Hapana."

"Na ng'onda jana ulikula?"

"Hapana. Na leo hata chai sijapika."

"Basi onja. Nakusubiri."

Nikapiga magoti, simu begani, nikainua ubao wa sakafu. Mshale ulikuwa pale pale, umelowa. Nikachovya kidole.

"Ya chumvi," nikasema.

Nyuma yake nilisikia kuku wake.

"Mwite fundi, mdogo wangu," akasema. "Mwambie ubao wa mshale autoe mzima. Asiupasue."