Uzi wa Kijani kwenye Ngozi ya Bibi

Kwaru, kwaru, kwaru. Hadi leo nikisikia gunzi linasugua kitu, namwona bibi yangu mzaa mama ameegemea mlango wa jikoni kwetu Mjimwema, anajikuna mgongo. Alitoka kijijini Mpitimbi na muwasho huo, tukadhani ni vumbi la kupura mahindi. Kisha yakaja malengelenge makubwa, yamejaa maji, utadhani kamwagikiwa uji wa moto.

Watu walisema mengi: wengine karogwa, wengine ataambukiza nyumba nzima. Bibi hakubishana na mtu. Alichukua kikombe kimoja cha bati, akakifunga kitambaa chekundu kwenye kishikio kisichanganywe na vyetu, akahamia kula peke yake kwenye kigoda. Mtoto wa dada yangu alipomtambalia, alimzuia taratibu kwa lile gunzi.

"Nenda kwa mama yako. Huku kuna moto."

Na mimi najua alivyomngoja mtoto yule tangu akiwa tumboni.

Hospitali nilimpeleka mimi, nikitokea kwa fundi ninakojifunza kushona, tepu ya kupimia bado iko shingoni. Daktari, kijana mgeni hapa Songea, alimwamkia bibi shikamoo, akasema atakata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe. Bibi akamnyooshea mkono wenye lengelenge kubwa kuliko yote. Alikuwa amelitunza kwa ajili hiyo. Asubuhi hata kanga alijifunga kwa uangalifu lisije likapasuka. Daktari akachoma ganzi pembeni yake, penye ngozi nzima.

"Mjukuu wangu," bibi akasema, "nimekuletea pabovu, wewe unachukua pazima?"

Daktari akaitazama tepu yangu, akacheka. "Bibi, nguo ikifumuka, palipoachia hapakwambii kitu. Unatazama pembeni, ambapo uzi bado unashikilia."

Kipande kikawekwa kwenye maji yake maalumu, maana dawa ya kawaida ya kuhifadhia vipande vya mwili ingekiharibu, kikasafirishwa mji mwingine. Huko, daktari alinieleza, hupakwa rangi inayonasa kwenye askari wa mwili, yaani kinga yake, walioasi, kisha hutazamwa kwa darubini yenye mwanga wa pekee. Kama wapo, wanawaka.

Majibu yalipokuja alituonyesha picha kwenye simu. Giza tupu, na katikati mstari wa kijani, mwembamba, unafuata pale ngozi ya juu inaposhikana na ya chini. Kwa muda nikasahau ugonjwa. Niliwaza gauni jeusi lenye pindo la namna ile, na nani angelivaa. Ajabu, kitu kizuri hivyo ndicho kilichokuwa kinamfumua bibi. Ni askari wa mwili wake mwenyewe, daktari akasema. Hakuna aliyemrushia kitu, wala yeye hamwambukizi mtu. Kuna vidonge, atavimeza kwa muda mrefu, na awe anarudi kuangaliwa.

Bibi hakuitazama sana ile picha.

"Kwa hiyo mtoto nimpakate?"

"Mpakate, bibi."

Mchana ule alimpakata mpaka wote wawili wakasinzia mkekani. Nikaingia jikoni. Nikafungua kile kitambaa chekundu, nikamimina chai kwenye kikombe chake, nikainywa nimesimama, mpaka chini.