Nyayo Kwenye Majivu ya Bibi Minza

Enzi zetu pale Nyakato, panya alikuwa mpangaji asiyejua kodi. Hakukuwa na nyumba ya mfanyakazi wa kiwanda iliyomkosa. Taa ikizimwa tu, darini kunaanza vishindo, utadhani shule imetoka mapumziko huko juu. Watu wazima walituambia kwamba panya akitaka kukung'ata unyayo, kwanza anapuliza, kisha anang'ata, kisha anapuliza tena ili usishtuke. Nililala nimekunja miguu ndani ya shuka mpaka nilipomaliza shule ya msingi. Kaka yangu Masanja naye aliapa kwamba panya wawili wakiiba yai, mmoja analala chali analikumbatia, mwenzake anamvuta kwa mkia mpaka shimoni. Hatujawahi kuwaona wakifanya hivyo, lakini nani angethubutu kubisha?

Ulikuwa utoto mtamu, jamani. Tulitelezea kwenye mawe makubwa ya mlimani mpaka kaptula na sketi zikatoboka nyuma, tukirudi nyumbani tunatembea kinyumenyume ili Mama asione. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi. Jumamosi tulikwenda ziwani, tukapita pembeni ya dagaa walioanikwa mchangani, na kila aliyepita alitoka na wachache mkononi, wa moto kwa jua, wenye chumvi ya mchanga. Watoto wa siku hizi ukiwawekea dagaa mezani wanauliza kwa nini wanawatazama.

Mwaka ninaoukumbuka zaidi ni ule tulioishi na Dada Kulwa. Alikuwa binti wa baba mkubwa, kaka yake Baba. Kijijini kwao sekondari ilikuwa mbali mno, basi Baba akamchukua aje asome mjini akiwa kwetu. Pacha wake, Doto, alikuwa ameshaolewa. Dada Kulwa alikuwa mtu wa maneno machache na daftari safi. Aliamka kabla yetu wote, akawasha jiko, akachota maji, kisha akakaa mlangoni kwenye mwanga wa kwanza akisoma kwa midomo bila sauti. Nilikuwa namtazama tu. Sikuwa nimewahi kuona mtu anayetaka kitu kiasi kile.

Baba alikuwa amenunua mtego wa waya, wakanaswa panya kadhaa, dari likanyamaza. Tukatangaza ushindi. Mtego ukatundikwa ukutani, na paka wetu akarudi kulala kwenye jua.

Ndipo vitu vikaanza kupungua. Mama alikuwa akinunua mche wa sabuni, anaukata vipande na kuvipanga juu ya kabati vikauke, maana sabuni kavu haiishi upesi. Vipande vikawa vinapotea. Karanga za kwenye kikapu zikashuka. Hata michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa na kuanikwa juani, ambavyo sisi watoto tulivitafuna vikavu hivyo hivyo, ilipungua bila sisi kuigusa. Mama alitupanga mstari, akatuuliza, tukakana. Akatikisa kichwa.

"Karanga hazina miguu," alisema.

Hakutaja mtu. Lakini nyumbani mle sote tulikuwa wa tumbo moja isipokuwa mmoja, na macho yakaenda kwake yenyewe. Dada Kulwa aliweka chini ndoo aliyokuwa ameishika.

"Mama mdogo, si mimi," alisema.

Mama hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na alijua kwamba panya anakula nafaka. Ila panya gani anakula sabuni? Siku zikasogea, vipande viwili vikapotea tena, na Baba akaamua kwamba Jumamosi Dada Kulwa atarudishwa kwao. Kurudi maana yake ilikuwa moja. Watu wenye ng'ombe wa mahari walishafika kuulizia habari zake, na baba mkubwa hakuwa amewakatalia. Dada Kulwa alikunja sare yake ya shule, akaiweka chini kabisa ya begi, chini ya nguo nyingine zote. Niliona, nikaumia.

Bibi Minza, mama yake Baba, alikuwa kwetu wakati huo akitibiwa mguu. Kwa sababu ya mguu alishinda amekaa kwenye mkeka, ameunyoosha mbele yake, anavuta ugoro na kutusema watu wa mjini kwamba tunanunua hata mchicha. Sisi tulipita tukiwa wima. Yeye macho yake yalikuwa usawa wa chini ya ukuta kutwa nzima, na mambo yaliyokuwa huko aliyaona peke yake.

Jioni ya Ijumaa alimwita Mama.

"Mama Masanja, huu ukuta umepakwa mafuta na nani?"

Mama akainama. Kweli, chini kabisa ya ukuta, nyuma ya kabati, kulikuwa na mstari mweusi wa utelezi, kana kwamba mtu amepitisha kitambaa cha mafuta kila siku. Tulikuwa tukiuona kama uchafu wa kawaida.

"Ni manyoya yao hayo," Bibi alisema. "Panya hapiti katikati ya chumba, anapita anasugua ukuta. Na harufu hii ya mkojo, nyie mnasema ni ya soksi za Masanja. Na huyo paka wenu, mbona tangu juzi anakodolea kabati?"

"Lakini sabuni, Mama?" Mama aliuliza kwa heshima. "Sabuni ni ya kufulia."

"Kwako ya kufulia. Kwake ni mafuta. Nileteeni majivu."

Dada Kulwa ndiye aliyeyaleta. Bibi akamwambia ayachekeche, kisha akamwelekeza Mama ayanyunyize mwenyewe, membamba kama unga unaobaki kwenye ungo, kuanzia mlango wa chumba chetu watoto, alimolala pia Dada Kulwa, mpaka kwenye kabati, na kuzunguka ukuta wote.

"Kama ni mtu, tutaona mtu," alisema Bibi. "Kama si mtu, tutaona. Asikanyage yeyote mpaka kupambazuke."

Alfajiri ile sijaisahau. Mama ndiye aliyetangulia na taa ya chemli, sisi nyuma yake tunachungulia chini ya mikono yake. Akasimama mlangoni. Akaishusha taa karibu na sakafu.

Sakafu yote ilikuwa imeandikwa. Sijui nieleze vipi. Vidole vidogo vidogo, vinne mbele, vitano nyuma, na katikati ya nyayo mstari mwembamba wa mkia, umepinda na kunyooka. Zilikuwa barabara. Njia kuu ilifuata ukuta, imekanyagwa mpaka simenti inaonekana. Vichochoro vilitoka humo kwenda kwenye kikapu cha karanga, kwenye gunia la michembe, chini ya kiti cha Baba. Kuna mahali nyayo za wakubwa zilifuatwa na nyayo ndogo, watoto wanafundishwa njia. Kuna mahali kitu kizito kiliburutwa, na mfereji wake ukaenda mpaka pembeni, na kutoka hapo madoa ya majivu yakapanda nguzo, yakaishia kwenye tundu la dari ambalo mimi ningeapa kwamba halipo. Usiku mzima, hatua chache kutoka vichwani petu, mji mzima ulikuwa umeamka, umefanya kazi na umelala. Sikujua kama ninachohisi ni woga au ni nini. Leo najua ulikuwa mshangao, wa aina ambayo mtu huupata mara chache.

Hakukuwa na unyayo wa mtu hata mmoja.

"Hiyo ndiyo miguu ya karanga," Bibi alisema kutoka kwenye mkeka wake.

Baba akapanda juu ya meza, akabandua ubao wa dari. Kikashuka kiota kizima: pamba, vipande vya kanga ya Mama iliyopotea, kurasa za daftari la Masanja, maganda ya karanga. Na vipande vya sabuni, vimetafunwa kingo kwa alama za meno mawili mawili, vimehifadhiwa vizuri kuliko Mama alivyovihifadhi. Baba alivishika mkononi akivigeuza. Kisha akamtazama Dada Kulwa, akatazama chini.

Siku ile ilikwenda kwa kazi. Tulitoa kila kitu nje, tukafagia kinyesi kwa maji na dawa ili vumbi lisiruke, tukaziba matundu kwa simenti iliyochanganywa na chupa zilizopondwa, maana Bibi alisema tambara na karatasi ni kumtandikia kitanda. Nafaka ikahamia kwenye pipa la bati lenye kifuniko. Kuni zikaondolewa ukutani. Mitego ikawekwa kandokando ya ukuta, ilipopita ile njia, si katikati ya chumba kama tulivyokuwa tukiweka.

Mama hakusema samahani. Wazazi wa enzi zile hawakuwa na neno hilo kwa watoto. Alikwenda kwenye begi, akaitoa sare iliyokuwa chini kabisa, akaifua mwenyewe kwa sabuni mpya, akaipiga pasi ya mkaa mpaka mikunjo ikasimama, akaitundika mlangoni. Jumatatu Dada Kulwa aliivaa akaenda shule.

Siku hizi naishi Buswelu, nyumba ya vigae, gesi jikoni. Juzi mkate ulianza kuliwa pembeni, sabuni nayo ikang'atwa. Binti yangu akamtazama dada anayetusaidia kazi, akaninong'oneza, "Mama, tufunge kamera." Kijana wangu alipomwona panya mwenyewe alipanda juu ya kochi, akampiga picha, akaituma kwa marafiki. Nje kipaza sauti kilikuwa kinapita kwenye baiskeli kikitangaza dawa ya panya, mende na kunguni. Ningeweza kununua. Lakini nilitaka wanangu waone kwanza. Nikatafuta majivu nyumba nzima, nikakosa. Nyumba yenye kila kitu haina hata kijiko kimoja cha majivu.

Nikampigia simu Dada Kulwa, mwalimu mstaafu wa sekondari, anakaa Mkolani. Alikuja jioni na kopo la maziwa limejaa majivu laini, yaliyochekechwa. Ana gesi kama mimi, ila jiko la mkaa hajaliacha.

Alipiga magoti akinyunyiza, na wanangu wakamwangalia simu zikiwa mkononi. Nikamwambia ninavyoikumbuka alfajiri ile, zile barabara, ule uzuri wa ajabu.

"Nyie mliona barabara," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi usiku ule nilibanwa haja ndogo tangu nilipolala. Nilikaa kitandani nimeshika tumbo mpaka kukapambazuka. Nikikanyaga mara moja tu, nimeolewa."

Binti yangu aliweka simu yake mezani, akamtazama dada wa kazi, safari hii kwa namna nyingine.

Dada Kulwa akamaliza kona ya mwisho, akafunika kopo. Kisha akavua kiatu, akaweka mguu katikati ya majivu, akaukandamiza mpaka vidole vyote vikajichora, akautoa, akasimama kuutazama ule unyayo wake.