Lori Lililopanda Nakasero kwa Waragi

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya serikali pale Nakasero, kilima cha katikati ya Kampala, nilikuja na majivuno ya Katwe. Katwe ndiko nilikojifunza kuchomelea, na fundi wa Katwe haamini kama kuna chuma cha kumshinda. Mhandisi wa Karakana, Mnubi mrefu mwenye kofia ya kufuma, alinitazama nikifungua kabureta, kile kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa, akasema, "Polepole, ssebo. Hiyo si sufuria." Nikampenda papo hapo.

Zilikuwa zama za utawala wa wanajeshi. Petroli iliadimika mjini, magari yetu yakalala uani hadi majani yakaota chini yake. Jumatatu moja Meja aliyetusimamia akaingia na askari wake.

"Wewe Mhandisi, lori yangu nasimama kwa nini?"

"Afande, petroli hakuna."

"Mimi hapana taka habari ya hakuna. Ijumaa lori napanda kilima. Kama hapana panda, wewe nakuja na mimi kwa gari yangu."

Waliowahi kupanda gari lake hatukuwaona tena.

Meja alipoondoka, Mhandisi aliniuliza tu kama nawajua wapika waragi, ile pombe kali ya kienyeji. Swali hilo, kutoka kwa Mwislamu asiyegusa tone la pombe! Akanieleza aliyosoma chuoni: pombe kali huendesha injini, ila ni mvivu, ikiingia baridi haigeuki mvuke sawasawa. Dawa yake ni joto tunalolitupa bure kwenye ekzosi, bomba la kutolea moshi. Zungusha bomba la shaba hapo, lijaze vinyuzi vya shaba, pitisha pombe. Joto na shaba huivunja ikawa gesi nyepesi yenye haidrojeni, inayowaka safi kuliko petroli.

Bomba na pombe tulivipata mtaani Kyebando kwa mama mpika waragi aitwaye Nnalongo, ambaye waragi yake ilishika moto kwa kiberiti. Alipoiona kofia ya Mhandisi alicheka hadi akakaa chini. "Hajji, hata wewe?"

"Nnyabo, mimi hapana kunywa. Nakunywa lori."

Tukalifunga bomba kwenye ekzosi vilevile tulivyolikuta kwenye mtambo wake. Alhamisi nikawasha injini kwa petroli kidogo tuliyobakiza, kisha nikafungua pombe. Ikanguruma, ikakohoa, ikafa. Nikajaribu tena, ikafa tena. Nilipofungua bomba la kuingia kwenye injini, pombe ilimwagika ikiwa majimaji tu. Mhandisi akakaa juu ya tairi, akalifuata bomba kwa macho toka mwanzo hadi mwisho.

Ghafla akajipiga paja. "Wallahi, sisi tumefunga mtambo ya waragi!"

Alikuwa sahihi. Mpika waragi hutaka mvuke urudi kuwa maji, ndiyo maana bomba lake huteremka. Sisi tulitaka maji yawe mvuke, lakini kwenye mteremko ule pombe ilikimbia kabla ya kuiva. Tukalipindua bomba, pombe iingie chini, gesi itoke juu. Injini ikashika, ikatulia, ikaimba. Nilimkumbatia bosi wangu bila hata kufuta grisi.

Ijumaa niliendesha mimi, Meja kando yangu, askari wamejaa nyuma. Tulipofika penye mwinuko mkali nilishusha gia, nikaomba kwa dini zote ninazozijua. Lori likapanda! Wachuuzi wa sokoni waliacha mizani wakatutazama. Kileleni Meja akashuka, akainama kwenye ekzosi.

"Moshi iko wapi?"

"Tumepatia kazi, Afande," akajibu Mhandisi.

Meja akacheka. "Wewe baki kwa kazi yako."

Baadaye nilihamishiwa Jinja, nikapanda cheo, nikastaafu kwa heshima. Siku hizi wahandisi vijana hunieleza habari za joto la ekzosi kama jambo lililovumbuliwa jana. Huwasikiliza nikitabasamu, maana fahari yangu haipo kwenye lile bomba.

Mhandisi hakupanda lile gari la Meja; alizeeka. Alifia kitandani kwake, wajukuu wamemzunguka, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza lake.