Mpishi wa Bweni na Wivu wa Kinyozi

Mdogo wangu ni kinyozi. Ana mikono mipole. Hata mtoto mwenye kelele akikalishwa kwenye kiti chake hunyamaza. Lakini Mungu alipompa mikono ile, aliachia na kijiba cha roho kipite. Mkewe, wifi yangu, ni fundi cherehani, na anapenda kusoma kuliko kula.

Mambo yalianzia kwenye gazeti letu la dini. Ukurasa wa mwisho una pembe ya wasomaji: mwenye kitabu alichokwisha kukisoma anatafuta mwenzake wa kubadilishana naye kwa posta. Wifi akapeleka jina, akajibiwa na mtu aliyejiita Mpishi wa Bweni, anayepikia wanafunzi wa shule fulani ya mbali. Wakawa wanapelekeana. Kitabu kinakwenda, kingine kinakuja kimefungwa karatasi ya kaki, kinanuka moshi wa kuni, na ndani mna kijikaratasi cha maneno machache: "Ukifika kwenye harusi, usimwamini mjomba."

Wifi akisoma anacheka peke yake. Hicho kicheko ndicho kilichomchoma mdogo wangu.

"Huyu mpishi ni mwanamume au mwanamke?" akamuuliza siku moja, nami nipo.

"Sijui," wifi akasema, mguu haujatoka kwenye cherehani. "Sijamuuliza."

"Vitabu vyote hivyo, na hujui?"

"Kwani nimechumbiwa? Anasoma vizuri, inatosha."

Mdogo wangu akavipekua vile vijikaratasi kimoja kimoja. Kiswahili chetu nacho hakikumsaidia. "Mwenzako anakusalimu." "Msomaji wako amefurahi." Maneno yenyewe ni kama mwavuli, mume anaingia na mke anaingia.

Kibandani kwake nako siri haikai. Fundi baiskeli alikuwa kwenye kiti ananyolewa, akasema, "Kaka, kikulacho ki nguoni mwako. Mwanamume anayejua kupika, na kusoma anajua? Hapo huna chako. Wewe unajua kunyoa tu, na shemeji nywele zake anasuka!"

Watu wakaangua kicheko. Mdogo wangu alicheka nao, ila mashine ikamteleza, na fundi baiskeli akarudi kwake na kipara cha upande mmoja.

Sanduku la posta ni la kinyozi, na ufunguo anao yeye. Kifurushi kilichofuata hakikufika nyumbani. Alikisukumia kwenye droo, chini ya taulo, jambo ambalo siku zile sikulijua.

Wifi akangoja. "Baba watoto, posta hakuna kitu?"

"Hakuna."

Akaanza kuhofu kwamba Mpishi anaumwa. Akanijia, tukapiga magoti pale sebuleni kwao, tukamwombea afya mtu tusiyemjua sura. Mdogo wangu aliitikia amina kama mtu mwenye mwiba kooni. Tulipoinuka akanivutia uani.

"Dada, mimi nilipougua malaria aliniombea huku anakunja nguo. Huyu kapigiwa magoti!"

"Wivu ni kidonda, mdogo wangu."

"Najua. Ndiyo maana kinauma."

Kile kitabu cha kwenye droo alikuwa amekifungua atafute ushahidi. Ukurasa wa kwanza alisoma akitafuta, wa pili akitafuta, kufika wa tatu akasahau anatafuta nini. Wateja wakawa wanamkuta ameinamia gazeti, kumbe ndani ya gazeti mna kitabu, na aliyekuja kunyolewa ndevu anaambiwa asubiri kidogo.

Jumapili moja nilikula kwao. Wifi alikuwa hana raha.

"Mpishi aliniahidi kitabu kile cha bibi kizee aliyeficha ufunguo wa ghala, nyumba nzima ikamwita mkwe mwizi," akaniambia. "Sasa sitajua aliuficha wapi. Mimi nadhani kwenye godoro."

"Godoro wapi!" mdogo wangu akasema, anajichotea mchuzi. "Kwenye kiota cha kuku."

Njia ya mwongo ni fupi. Upawa ukabaki juu hewani, unadondosha mchuzi kwenye kitambaa cha meza. Wifi alimtazama, nami nikaomba kimoyomoyo asiinuke na sahani.

"Umefika wapi?" akamuuliza taratibu.

"Nimekimaliza."

Machozi yakamlenga. "Basi hata mwisho umeniibia."

"Nilidhani..."

"Ulidhani nini? Kila kitabu kikija nakwambia njoo nikusomee. Unasema umechoka, unageukia ukutani."

Mdogo wangu akaurudisha upawa. "Unavyocheka na huyo mtu," akasema, "kwangu huchekagi hivyo."

Wifi alifuta macho kwa ncha ya khanga, akasema, "Kitabu cha kumrudishia utakipeleka wewe. Na utamwandikia kwa nini tumechelewa. Kweli tupu."

Kesho yake mdogo wangu aliniomba nimsindikize posta. Alikuwa ameandika kijikaratasi kwa mkono wake: "Nilikificha mimi, mumewe. Bibi kizee amenichekesha. Samahani." Karani akakipokea kifurushi, akauliza, "Nijaze kwa Bwana au kwa Bibi?"

Mdogo wangu akakikodolea macho kifurushi. Watu wa nyuma yetu wakaanza kukohoa.

"Andika Mpishi," akasema mwishowe.

Karani akagonga muhuri. Tulikuwa tumeshafika barabarani, nami namshukuru Mungu kimya kimya, aliponishika mkono.

"Dada, lakini ule mwandiko wa Mpishi umelala kama wa mwanamke. Au siyo?"

"Tembea," nikamwambia. "Mkeo anakungoja umsomee."