Nyumba ya Ernesta Haijafungwa

Mimi Aminieli nina mdomo, sikatai. Lakini siku ile mdomo ulinyamaza, kidole ndicho kilichosema, na kikamponza jirani yangu Ernesta.

Ernesta ana nyumba ya wageni ya vyumba vinne huku kwetu mlimani, juu ya Gonja. Aliijenga na mumewe, Loth. Wageni walikuwa wapanda milima na watumishi wa serikali, wote wakiipata nyumba kwenye ramani ya simu. Loth alipofariki mwaka jana, vyumba vyote vililaliwa na ndugu. Tukiwa pale msibani, ramani ya simu yangu ikaniuliza: "Je, mahali hapa pamefungwa?" Nikatazama turubai, nikatazama jeneza, nikabonyeza ndiyo. Sasa ningesema nini? Mtu hadanganyi msibani. Kumbe tulioulizwa tulikuwa wengi, na wote, Walutheri wema, tukajibu ukweli uleule.

Matanga yakaisha. Ernesta akafua mashuka, akatandika, akasubiri. Mwezi wa kwanza hakuja mtu, wa pili hakuja mtu. Ndipo binti yake, Elinaza, akampigia kutoka Mwanga: "Mama, mtandao unasema umefunga moja kwa moja."

Ernesta akatuma ombi la kurekebisha kwa wenye ramani. Akajibiwa: "Tumepitia. Mabadiliko hayakukubaliwa." Nani amepitia? Kwa sababu gani? Haikuandikwa. Akateremka hadi Same, akazunguka ofisi kwa ofisi hadi kwa dada mmoja wa kompyuta, Fadhila.

"Shikamoo mama. Hiyo ni algorithimu, ndiyo inayopanga nani aonekane. Hata sisi hatujui inachaguaje."

"Marahaba. Ofisi yake iko wapi nikaiulize?"

"Haina mlango wa kugonga, mama."

Aliponisimulia nilipandwa na hasira, jamani! Mimi ndiye ninayegawa maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Kila Jumamosi asubuhi nasimama ukingoni, nasoma majina na zamu mbele ya watu wote. Ukipunjwa unauliza palepale, na nisipokuwa na sababu nazomewa hadi nyumbani. Nimeshazomewa! Hao wanaopangia dunia nzima zamu, nani anawazomea? Hoteli ya kule chini barabarani inatokea ya kwanza kwa kuwa imelipia tangazo. Kwenye ndiva zamu hainunuliwi.

Habari ya kidole changu sikumwambia. Niliogopa.

Kilichomuuma Ernesta hakikuwa biashara peke yake. Wageni ndio waliokuwa sauti ndani ya nyumba ile. Alibaki anapika chai ya watu wanne, jioni anaimwaga. Elinaza akamwambia: kama hadi Pasaka hajapata mgeni, afunge kweli, ahamie kwake Mwanga.

"Nikakae nikitazama kuta za watu, baba Esta?" aliniambia. "Loth amelala hapa nyuma ya migomba. Nimwachie nani?"

Wiki moja kabla ya Pasaka akapita bwana mmoja, begi mgongoni. Ernesta alikuwa getini na ufagio mkononi.

"Karibu mwanangu, vyumba vipo."

Yule bwana akatazama simu, akamtazama yeye, akatazama tena simu. "Hapa pamefungwa, mama," akasema kwa upole, akashika njia ya kuteremka.

Mimi nilikuwa ng'ambo ya njia. Nikapaza sauti, "We bwana, huna macho?" Hakugeuka.

Jumamosi nikasoma majina kama kawaida. Nilipomaliza, Ernesta akauliza kutoka nyuma: "Baba Esta, na mimi nimo?"

Watu wakacheka. "Si nimekusoma? Wa saba!" nikamjibu.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Hakuna aliyecheka. Nikafunga daftari, nikamwambia mbele ya wote: "Mama Elinaza, siku ya msiba simu iliniuliza kama nyumba yako imefungwa. Nilisema ndiyo."

"Na mimi," akasema Tumainieli.

"Na mimi," akasema Dorkas.

Ernesta akatutazama mmoja mmoja, machozi yakimlengalenga. "Mwaka mzima natafuta mtu wa kumuuliza," akasema. "Basi angalau ninyi nawajua." Akachukua jembe, akaenda shambani kwake kungoja zamu.

Pasaka ikapita bila mgeni, na Jumanne yake akahamia Mwanga. Zamu ya saba bado nasoma jina lake, na hakuna anayeniuliza kwa nini.